Mita inasoma 80, simu inasoma 75: mwongozo kamili wa kupima mwendo halisi wa gari lako

Kila mwenye gari na simu ameshaliona hili. Mshale wa dashibodi umetulia kwenye 80, simu iliyobanwa kwenye kioo inasema 75. Ukimuuliza dereva mwenzako, simu inachelewa. Ukimuuliza fundi, mita imechoka. Ukimuuliza muuza matairi, naye ana jibu lake, na jibu lake lina bei.

Wengi wameamua kupima wenyewe, na wengi wamenionyesha namba ambazo haziwezi kuwa kweli: tofauti ya kilomita 2 asubuhi, 9 jioni, gari hilohilo, barabara ileile. Gari halibadiliki namna hiyo kwa siku moja. Kilichokosewa ni upimaji, na makosa ni yaleyale kila mara. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

## Nani anasema kweli?

Simu, mradi anga liwe wazi na mwendo uwe hauongezeki wala kupungua. Masharti hayo mawili ndiyo yanayowashinda watu, tutayarudia.

Mita ya gari haijui unakwenda kasi gani. Inachojua ni kwamba magurudumu, au shafti ya giaboksi, yamezunguka mara kadhaa. Sensa inahesabu mizunguko, kisha inazidishwa kwa mzingo wa tairi ambao kiwanda kiliuchukulia kuwa ndio uliofungwa. Tairi la 185/65R15 lina mzingo wa takriban mita 1.95, hivyo linazunguka zaidi kidogo ya mara 510 kumaliza kilomita moja. Ukifunga tairi jingine, gari halijui. Linaendelea kuhesabu kwa tairi la zamani.

Juu ya hapo, kiwanda kinaongeza chumvi kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inasema mita isisome chini ya mwendo halisi hata kidogo, na ikizidi isipite asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4. Ukienda 80 ya kweli, mita inaruhusiwa kusoma popote kuanzia 80 hadi 92. Kwenye 50 ya kweli, kuanzia 50 hadi 59. Mtengenezaji anajua matairi hutofautiana na mitambo hukosea kidogo, kwa hiyo anailenga mita yake katikati ya nafasi hiyo ili isije ikaangukia upande uliokatazwa.

Angalizo kwa sisi wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Kwenye ukaguzi wa magari yaliyo barabarani kule, mita ikisoma 40 mwendo halisi unaruhusiwa kuwa kati ya 30.9 na 42.55 kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia 2007, na hadi 44.4 kwa yale ya kabla ya hapo. Maana yake gari linaweza kupasi ukaguzi huku mita yake ikisoma pungufu. Usiamini tu kwamba "mita zote huongeza". Pima ya kwako.

Simu nayo inapataje mwendo? Wengi hudhani inahesabu umbali kati ya nukta mbili kwenye ramani. Kipokezi cha setilaiti hufanya kazi nzuri zaidi ya hiyo: kinaangalia jinsi masafa ya mawimbi ya kila setilaiti yanavyobadilika kwa sababu ya mwendo, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita stendi. Ndiyo maana simu inaweza kukosea mahali ulipo kwa mita kadhaa, lakini mwendo ikaupatia ndani ya kilomita 1 kwa saa au chini yake. Saizi ya tairi haiihusu.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa setilaiti. Ikionyesha na idadi ya setilaiti ilizozikamata, bora zaidi.
- Kishikio imara cha simu.
- Geja ya upepo, au kituo cha mafuta chenye geja unayoiamini.
- Daftari na kalamu. Karatasi inashinda kumbukumbu.
- Saa ya kuhesabu sekunde. Ya kwenye simu nyingine inatosha.
- Mtu wa pili. Huyu si wa hiari.

Kuhusu mtu wa pili sitabembeleza. Dereva anayesoma mita, simu na barabara kwa wakati mmoja atakosea vyote, na cha mwisho kinaua. Ukikosa msaidizi, ahirisha.

Kifaa cha ramani kilichokuja na gari kutoka Japani usikitumie kama shahidi. Mbali na kutokuwa na ramani ya kwetu, vingi vya kiwandani hupokea pia waya wa mwendo kutoka kwenye gari lenyewe. Utakuwa unamuuliza mtuhumiwa na ndugu yake.

## Hatua ya 1: Soma tairi, halafu soma kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Kina saizi ya tairi na upepo uliopangwa na kiwanda. Sasa inama usome ubavuni mwa tairi lililofungwa. Andika zote mbili.

Zikiwa sawa, vizuri. Zisipokuwa sawa, piga hesabu ya kipenyo kabla ya kwenda barabarani. Chukua namba ya mwisho (rimu) uzidishe kwa 25.4. Chukua upana wa tairi uzidishe kwa asilimia iliyo katikati, kisha mara mbili. Jumlisha.

Mfano, 185/65R15: rimu ni 15 × 25.4 = 381. Ubavu ni 185 × 0.65 × 2 = 240.5. Jumla milimita 621.5.

Tuseme aliyekuuzia gari alitaka liwe juu kidogo kwa ajili ya matuta na barabara za vumbi, akafunga 195/70R15: 381 + 273 = 654. Tairi limekua kwa asilimia 5.2. Kumbuka namba hii, itatuhusu mbele.

Angalia pia uchakavu. Tairi jipya huwa na kina cha ua, yaani mifereji ya juu ya tairi, cha milimita 8 hivi. Kikomo katika nchi nyingi ni 1.6. Kutoka upya hadi kikomo kipenyo hupungua karibu milimita 13, sawa na asilimia 2 kwa tairi la mfano wetu. Kwa hiyo aliyetoka kufunga matairi mapya jana na mwenye vipara hawawezi kupata jibu moja hata wakiwa na magari pacha.

Umefanikiwa kama: una saizi mbili kwenye daftari na unajua tairi lako ni kubwa, dogo au sawa na la kiwanda.

## Hatua ya 2: Weka upepo, tairi likiwa la baridi

Jaza kulingana na kibandiko, gari likiwa limelala au limetembea kilomita chache tu. Tairi la moto husoma upepo mwingi kuliko litakavyosoma likipoa.

Nisiongope: kwenye matairi ya siku hizi upepo hauibadilishi mita sana. Unafanya hivi ili ukirudia kipimo mwezi ujao uwe unalinganisha vitu vinavyolingana, na kwa sababu unakwenda kukimbiza gari.

## Hatua ya 3: Iandae simu

Hapa ndipo namba nyingi za ajabu huzaliwa.

Kwanza kipimo. Hakikisha programu imewekwa kwenye kilomita kwa saa. Baadhi huja zikiwa kwenye maili, na chache huonyesha noti za mabaharia. Kilomita 80 ni maili 49.7 na ni noti 43. Mtu akiniambia mita yake inasoma 80 na simu 50, siulizi tena kuhusu tairi. Mimi mwenyewe niliwahi kuendesha kilomita nzima nikiamini gari langu ni bovu, kumbe nilikuwa napima kama nahodha.

Pili, zima hali ya kuokoa betri. Simu nyingi zikiwa kwenye hali hiyo hupunguza kazi ya kipokezi cha setilaiti, na mwendo unakuwa wa kurukaruka: 61, 61, 61, kisha 70 ghafla.

Tatu, ruhusu programu itumie mahali halisi, si mahali pa kukadiria. Zile za kukadiria kwa minara ya mtandao hazifai kwa kazi hii.

Nne, ibane simu karibu na kioo cha mbele, anga likionekana, lakini isizibe macho ya dereva. Vioo vyenye tinti ya madini hupunguza mawimbi. Ikiwa simu haikamati setilaiti ndani ya gari lakini inakamata nje, kioo ndicho mshukiwa. Na jua letu unalijua, simu ikipata moto sana itajizima katikati ya kipimo.

Subiri dakika mbili au tatu gari likiwa limesimama, mahali pa wazi.

Umefanikiwa kama: gari limesimama na simu inasoma 0 iliyotulia. Ikisoma 2, 0, 3, 1 na gari halitembei, toka chini ya mti au kando ya ukuta huo.

## Hatua ya 4: Chagua barabara

Unataka kipande kilichonyooka, tambarare, cha lami nzuri, chenye magari machache, nje ya makazi. Kilomita tano au sita zinatosha. Asubuhi ya Jumapili ni rafiki yako.

Usipimie mjini. Majengo marefu hurudisha mawimbi ya setilaiti na simu hupokea mwangwi badala ya sauti. Usipimie kwenye mapori yenye miti iliyofunika barabara, wala kwenye kona.

Na usipimie kwenye mlima. Sababu si ile wanayoitaja watu, kwamba simu haioni mteremko. Hata kwenye mwinuko wa asilimia 10, tofauti ya urefu wa barabara na kivuli chake kwenye ramani ni nusu ya asilimia tu. Sababu halisi ni kwamba kwenye mlima kama Kitonga hutaweza kushikilia mwendo mmoja, na mwendo usioshikika haupimiki.

Onyo la kisheria: Tanzania ukiingia kwenye makazi ni 50. Mabasi na magari makubwa yana kikomo cha 80 hata nje ya makazi. Kupima mita si sababu atakayoielewa trafiki.

## Hatua ya 5: Pima

Utapima kwenye mwendo wa aina tatu wa mita: 40, 60 na 80. Usipime mmoja tu. Namba moja inakuambia kuna tofauti. Namba tatu zinakuambia tofauti inatoka wapi.

Kazi zigawanywe hivi. Dereva anaangalia barabara na mita. Msaidizi anaangalia simu na daftari. Msaidizi haruhusiwi kusoma mshale. Akiutazama kutoka kiti cha pembeni anauona kwa pembe, na unaweza kuonekana umekaa kilomita mbili tatu mbali na ulipo. Nusu ya mabishano ya "mita inasema hivi" kati ya dereva na abiria wake yanatoka hapa.

1. Dereva anafika 40 kwenye mita na kuushikilia mshale katikati ya mstari. Gari lenye kitufe cha kushikilia mwendo, kitumike.
2. Anahesabu moja hadi kumi kimoyomoyo bila mshale kusogea.
3. Anasema "sasa".
4. Msaidizi anaandika namba ya simu wakati huo, anaandika tena baada ya sekunde tano, na tena baada ya tano nyingine. Mshale ukiyumba, dereva anasema "futa" na mnaanza upya.
5. Rudieni mara tatu, kisha mgeuze gari mrudi mlikotoka mkipima vilevile. Barabara inayoonekana tambarare mara nyingi ina mwinuko mdogo unaomfanya dereva apunguze au azidishe mafuta bila kujua. Kwenda na kurudi hulifuta hilo.
6. Nendeni 60, halafu 80.

Kwa nini kusubiri hadi kumi? Simu hutoa namba mpya kama mara moja kwa sekunde, na programu nyingi huilainisha kwanza, hivyo unachokiona kimechelewa sekunde moja au mbili. Ukitoka 40 hadi 60 kwa sekunde kumi unaongeza kilomita 2 kila sekunde. Simu ikichelewa sekunde mbili, tayari una tofauti ya kilomita 4 ambayo haipo, na 4 ndiyo tofauti nzima unayoitafuta! Aliyepata 2 asubuhi na 9 jioni, naapa alisoma wakati gari linaongeza mwendo.

Dashibodi ya namba badala ya mshale ina ujanja wake. Inaonyesha namba nzima tu, kwa hiyo "80" inaweza kuwa mwanzo wa 80 au mwisho wake. Shikilia mwendo ambapo namba haichezi kati ya mbili.

Umefanikiwa kama: namba za simu kwa mwendo mmoja hazipishani kwa zaidi ya kilomita 1. Zikipishana kwa 3, usitafute wastani wa takataka. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Piga hesabu upande sahihi

Chukua wastani wa namba za simu kwa kila mwendo. Kisha gawa mita kwa simu, si simu kwa mita. Simu ndiyo mzani.

Daftari la gari lenye afya linaweza kusomeka hivi:

- Mita 40, simu 37.5: uwiano 1.067
- Mita 60, simu 56.3: uwiano 1.066
- Mita 80, simu 75.1: uwiano 1.065

Uwiano ni uleule. Mita inazidisha kwa asilimia 6.5 hivi kila mahali, na tofauti inakua kadiri mwendo unavyokua. Hii ni chumvi ya kiwanda, au tairi, au vyote viwili.

Sasa linganisha na hili:

- Mita 40, simu 36
- Mita 60, simu 56
- Mita 80, simu 76

Hapa tofauti ni 4 kila mahali. Tairi haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu tairi huzidisha, halijumlishi. Mkosaji ni mshale. Mara nyingi ni gari ambalo dashibodi ilifunguliwa kubadilishwa taa, mshale ukachomolewa, ukarudishwa kwa kukisia. Yalinikuta. Nilimpelekea fundi dashibodi yenye giza, nikarudishiwa yenye mwanga wa bluu na mshale unaolala kwenye 5 gari likiwa limezimwa. Nilipouliza, alisema, "Usijali bosi, ukiondoka unakaa sawa." Haukukaa sawa.

## Hatua ya 7: Muite shahidi wa tatu, nguzo za kilomita

Kama huiamini simu, barabara kuu zetu zina mzani mwingine: nguzo za kilomita pembeni ya barabara.

Shikilia mita kwenye 80. Msaidizi awashe saa mkipita nguzo moja na kuizima kwenye nguzo ya kilomita tano mbele. Mwendo halisi ni 5 × 3,600, kisha gawa kwa sekunde. Mkitumia sekunde 240, mlikuwa kwenye 75. Kama ingekuwa 80 ya kweli, mngetumia 225.

Usifanye kwa kilomita moja. Kwa kilomita moja, kosa la sekunde moja kwenye kidole hubadilisha jibu kwa zaidi ya kilomita 1.5. Kwa kilomita tano kosa hilohilo linabadilisha 0.3 tu. Isitoshe, nguzo moja moja huweza kuwa imesogezwa kupisha daraja au kibanda cha mahindi. Umbali mrefu humeza hitilafu hiyo.

Mkiwa hapohapo, fanyeni kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Weka kihesabu safari kwenye 0 kwenye nguzo moja, tembea kilomita 20 za nguzo, soma.

Kikisoma karibu 20, hesabu ya mizunguko ni sahihi na tairi linaendana na gari. Tofauti yote ya mwendo ni chumvi iliyotiwa kwenye mshale. Watu hushangaa kwamba gari hilohilo linaongeza mwendo na kusema kweli kuhusu umbali, lakini mara nyingi ndivyo lilivyo: sheria inayokataza mita kusoma pungufu inahusu mwendo, si kilomita zilizotembewa.

Kikisoma 19.0, tairi lako ni kubwa kwa asilimia 5 hivi. Rudi kwenye hesabu yako ya hatua ya 1 uone kama zinaelewana.

## Hatua ya 8: Sasa ufanye nini?

Mita inazidi kwa asilimia 2 hadi 8, uwiano sawa kote. Usifanye kitu. Gari ni zima. Usimruhusu mtu afungue dashibodi "kuirekebisha". Utatoka na tatizo ambalo hukuingia nalo.

Tofauti ni ileile kwenye kila mwendo. Tafuta fundi wa dashibodi, si fundi wa kila kitu, aupange mshale upya akilinganisha na mwendo unaosomwa na mashine ya kupimia gari. Mashine hiyo husoma mwendo moja kwa moja kwenye kompyuta, kabla haujatiwa chumvi ya mshale. Baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani hayajibu mashine za bei rahisi, kwa hiyo isiposoma usidhani gari limekufa.

Mita inazidi kupita kiasi, yaani zaidi ya asilimia 10 na kilomita 4. Angalia kama tairi ni dogo kuliko la kibandikoni, au dashibodi ilitolewa gari jingine. Kwa magari yaliyotoka Uingereza kuna kinyume chake: angalia kama duara kubwa la mita limeandikwa kwa maili. Hapo namba ya simu ndiyo itakayokuwa kubwa, mara 1.6 ya mita, na watu wameingia makazini na "50" ambayo ni 80.

Mshale unatetemeka au unakufa na kufufuka. Si suala la setilaiti tena. Kwenye magari ya zamani ni kebo iliyokauka grisi au inayotaka kukatika; kwenye mapya ni sensa ya mwendo au waya wake. Tengeneza kwanza, pima baadaye.

Mita ni sawa na simu, au iko chini yake. Hili ndilo la kukukosesha usingizi, na linataka maelezo.

## Tairi kubwa linavyokula akiba yako

Rudi kwa yule aliyetoa 185/65R15 akafunga 195/70R15. Gari lake lilipokuwa na tairi la kiwanda, mita ikisoma 80 alikuwa akienda 75.1. Sasa kila mzunguko unasukuma gari mbele zaidi kwa asilimia 5.2. Mita bado inasoma 80, lakini gari linakwenda 79. Akiba, yaani ile chumvi ya kiwanda, karibu yote imeliwa.

Akienda mbali zaidi hadi 205/70R15, kipenyo ni milimita 668, asilimia 7.5 zaidi. Mita ikisoma 80, mwendo halisi ni karibu 80.7. Amevuka mstari. Amezoea miaka mingi kwamba "mita huongeza, trafiki hatanishika", na siku tochi ya trafiki inamulika yeye ndiye anayebisha kwa sauti kubwa kuliko wote. Tochi haisomi mita yako. Inapima gari likija.

Huyu pia atalalamika kwamba gari limeanza kula mafuta. Kiasi ni kweli, tairi zito lina gharama yake. Lakini sehemu ya lalamiko ni hesabu tu: kihesabu kilomita kinasoma pungufu. Gari linalotembea kilomita 12 kwa lita litaonekana linatembea 11.4 bila injini kubadilika hata chembe. Kilomita za kubadilisha oili nazo zinapita bila kuonekana.

Akibaki na tairi hilo, mwendo wake halisi aupate kwa simu na nguzo, aandike, na aendeshe kwa namba hizo.

## Kuitumia namba yako barabarani

Ukitaka mwendo halisi, gawa mita kwa uwiano wako. Mwenye uwiano wa 1.065 anayeona 80 anakwenda 75.1. Akitaka 50 ya kweli, mita itasoma 53 na kidogo.

Hapa najua unachowaza. Usiwaze hivyo. Simu yako ilipima ndani ya kilomita 1, macho yako yana kosa lake kwenye mshale, na tairi ulilopimia litabadilishwa siku moja na fundi asiyejua habari za daftari. Hizo kilomita 3 si zako za kutumia kwenye kibao cha 50. Mimi kwenye makazi nauweka mshale kwenye 50 na kuzisahau. Faini ya shilingi 30,000 si kubwa. Mtoto anayevuka na kidumu cha maji ndiye sababu ya kibao.

Kwa madereva wa mabasi hesabu ni tofauti kidogo. Mfumo wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo wa mabasi Tanzania hutumia setilaiti, kwa hiyo unaona mwendo halisi na si mshale. Dereva ambaye tairi zake ni za kiwanda ataona mfumo unasoma chini ya mita. Akifungiwa tairi kubwa zaidi, nafasi hiyo inapungua bila yeye kuambiwa na mtu. Kenya, ambako matatu na mabasi hufungwa vidhibiti mwendo vya 80, dereva aliyebadilisha saizi ya tairi naye apime upya: kidhibiti kinachotegemea sensa ya gari kinahesabu mizunguko kama mita, na kinadanganyika kama mita.

Andika kwenye kikaratasi saizi ya tairi, tarehe, na mwendo halisi kwa 40, 60 na 80. Kibandike ndani ya kifuniko cha kisanduku cha dashibodi. Siku ya kufunga matairi mapya, hata yakiwa saizi ileile, tembea nayo siku kadhaa kisha rudia hatua ya 2 hadi ya 6. Na umchukue msaidizi yuleyule, kwa sababu ameshajifunza kutosoma mshale.